Maua yaliyopinda kwenye chombo: picha ya rangi ya mafuta iliyomtia mama wa Mlingotini matatani

Wiki kadhaa zilizopita tulipokea picha kwenye WhatsApp ya kipindi, bila salamu wala maelezo. Ilikuwa ni picha ya picha. Fremu ya mbao imetundikwa ukutani, ndani yake kuna chombo cha buluu kimejaa maua mekundu na ya rangi ya chungwa. Maua mengine yamepinda kama yaliyochomwa na jua la saa saba. Meza iliyobeba chombo imeinama upande mmoja, kiasi kwamba kwa hesabu za kawaida chombo kilitakiwa kiwe kimekwisha kuanguka na kuvunjika. Kwenye kona ya chini kulia kuna doa jeupe, kama ukungu wa alfajiri juu ya kioo cha gari.

Dakika chache baadaye sauti ikafuata. "Wanangu wa redio, samahani kwa kuwasumbua. Mimi niko Mlingotini."

Mama huyu, ambaye jina lake tunalihifadhi, hulima mwani siku za bamvua maji yanapotoka sana. Siku zilizobaki hupanda bodaboda kwenda kufanya usafi kwenye nyumba moja ya wageni upande wa Bagamoyo mjini. Siku hiyo alikuta picha ile ina vumbi na utando wa buibui, akaipangusa kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, kama anavyopangusa meza na viti. Kesho yake doa jeupe likawa limejitokeza. Msimamizi akamwambia picha hiyo ni ya laki nane, na kwamba atakatwa elfu sitini kila mwezi mpaka deni liishe. Mshahara wake ni laki moja na elfu themanini.

Alikuwa na maswali mawili, na tunayaandika kama alivyoyasema. La kwanza: "Hiyo si ni rangi ya mafuta? Boti zetu hapa zimepakwa rangi ya mafuta na zinalala baharini, mbona haziharibiki kwa maji?" La pili: "Hivi hii picha ni nzuri kweli, au aliyechora hakujua kuchora? Mbona maua yenyewe yamepinda? Laki nane ya nini?"

Tulisoma ujumbe wake hewani, na simu zilizofuata zilikuwa nyingi kuliko tulivyotarajia. Wengi walicheka picha. Wachache walicheka mama. Tukaona jambo hili linahitaji kuandikwa kwa utulivu, kwa sababu muda wa hewani haukutosha.

Rangi ya mafuta ya boti na ya mchoraji

Tuanze na swali la boti, maana ni swali la mtu anayejua anachokisema.

Rangi ya mafuta tunayonunua dukani kwa kopo, ile ya kupaka milango, mageti na boti, imechanganywa na utomvu wa kiwandani unaoifanya ikauke haraka na kuwa ngumu kama ganda. Imetengenezwa makusudi ili ipigwe na mvua. Ndiyo hiyo hiyo aliyoitumia Edward Saidi Tingatinga, kijana aliyetoka Tunduru akaja Dar es Salaam, alipoanza kuchora wanyama na ndege kwenye vipande vya bodi mwishoni mwa miaka ya 1960. Watu wengi huiita rangi ya baiskeli. Tingatinga alifariki mwaka 1972, lakini mtindo wake unaendelea hadi leo, na picha zake nyingi zinang'aa kama kigae kwa sababu ya rangi hiyo. Ukiipangusa picha ya Tingatinga kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, kwa kawaida haina neno.

Rangi ya mafuta ya mchoraji wa turubai ni kitu kingine, japo jina ni moja. Hii ni unga wa rangi uliosagwa pamoja na mafuta, mara nyingi mafuta ya mbegu za kitani. Siri yake iko kwenye aina ya mafuta. Chukua mafuta ya nazi, yapake ubaoni, rudi baada ya mwezi: bado yanateleza, au yameingia ndani ya ubao, lakini hayajawa ganda. Mafuta ya kitani hayako hivyo. Yakikaa wazi hunyonya oksijeni kutoka hewani, na polepole hujifunga yenyewe mpaka yakawa utando mgumu unaoshika rangi ndani yake. Kwa hiyo rangi hii haikauki kama kanga kwenye kamba, ambapo maji huondoka. Hakuna kinachoondoka. Hewa ndiyo inayoingia.

Kazi hiyo huchukua muda. Rangi nyembamba inaweza kugusika baada ya siku chache. Rangi nene, ile iliyobandikwa kwa kisu kama udongo wa kukandika ukuta, juu huonekana kavu lakini ndani bado laini kwa miezi, wakati mwingine kwa miaka. Ndiyo maana wachoraji wengi husubiri miezi sita hadi mwaka kabla ya kupaka vanishi ya mwisho juu ya picha.

Sasa maji ya sabuni yanaingiaje? Yanaingia kwa nyufa ndogo ambazo jicho halizioni. Chini ya rangi kuna kitambaa, na kitambaa kikilowa hutanuka, kikikauka husinyaa, na rangi iliyokaa juu yake haiwezi kucheza nacho. Huanza kuachia. Vanishi nayo ikilowa inaweza kupauka na kuwa na utando mweupe, na unyevunyevu wa pwani yetu hausaidii. Doa la mama wa Mlingotini lilikuwa na sura hiyo ya kupauka. Tutalirudia, kwa sababu kuna tofauti kubwa kati ya rangi iliyobanduka na vanishi iliyopauka, na tofauti hiyo ndiyo iliyobeba mshahara wake.

Mbona maua yamepinda?

Hapa ndipo simu zilipokuwa nyingi. Msikilizaji mmoja wa Kiwangwa alisema mtoto wake wa darasa la tatu anachora maua bora kuliko yale. Tunamwamini. Lakini mtoto wake na mchoraji yule hawafanyi kazi moja.

Fikiria mtangazaji wa mpira wa redioni. Sisi wenyewe tunajua, maana ndiyo kazi yetu. Mpira unapokaribia lango, mtangazaji hakwambii kwamba mpira uko mita kumi na nane kutoka mstari wa goli, pembe ya kulia. Sauti inapanda, maneno yanakimbizana, jina la mchezaji linavutwa mpaka linakaribia kukatika. Ukipima kwa rula, amekudanganya. Lakini wewe uliyekaa chini ya mwembe na redio yako umeujua mchezo, moyo umekwenda mbio na umesimama bila kujijua. Amekupa joto la uwanjani, ambalo rula haliwezi kulipima.

Wachoraji waliofanya hivyo kwa rangi walijitokeza kwa nguvu Ujerumani mwanzoni mwa karne iliyopita. Mwaka 1905, mjini Dresden, vijana wanne waliokuwa wakisomea usanifu wa majengo waliunda kikundi walichokiita Daraja. Walichoka na picha zilizopakwa kwa utulivu, zenye kufanana na vitu kama kivuli. Walitaka rangi ipige kelele. Uso ukiwa na hofu, wakaupaka kijani. Barabara ikiwa na vurugu, wakaipindisha. Mtindo wao ukaja kuitwa ekspreshonizimu, yaani kutoa nje kilichomo ndani ya mtu.

Kabla yao alikuwepo Mholanzi Vincent van Gogh, ambaye Agosti 1888, akiwa Arles kusini mwa Ufaransa, alichora alizeti kwenye chombo mara kadhaa, nyingine zikiwa zimechanua na nyingine zimenyauka na kubaki mbegu. Ni alizeti zile zile zinazokamuliwa mafuta Singida. Alizikusudia zipambe chumba cha rafiki yake mchoraji aliyekuwa anakuja kukaa naye. Mwaka 1987 moja ya picha zake za alizeti iliuzwa London kwa karibu pauni milioni 25. Kwa mkulima wa alizeti hiyo ni habari ya kuudhi kidogo, tunakubali.

Kwa nini maua, lakini, na si jambo kubwa zaidi? Swali hili tulilijadili sana ofisini. Jibu lililotukaa ni hili: ua kwenye chombo halihami, halidai posho, halilalamiki mkono wa mchoraji ukichelewa. Picha ya namna hii, ya vitu vilivyotulia mezani, humpa mchoraji nafasi ya kujaribu rangi bila kusumbuliwa na kisa. Halafu ua lililokatwa lina siku chache tu. Anayelichora anakimbizana nalo.

Na kuna jambo la kwetu. Pwani hii ua halikuwa kitu cha kutazamwa kwanza. Ni kitu cha kunusa. Asumini hutungwa ikavaliwa, mlangilangi huwekwa kwenye nguo, kikuba hufungwa na rihani kikaning'inia kifuani, kitanda cha maharusi hutandazwa maua ambayo kufikia alfajiri yamekwisha kunyauka na hakuna aliyeyahesabu. Maua ya kukaa mezani sebuleni kwa wengi wetu ni ya plastiki, yanayooshwa kwa maji ya Omo kila Idi. Kwa hiyo mama wa Mlingotini alipotuambia "halafu hayanukii", sisi tulicheka, lakini alikuwa amegusa penyewe. Mchoraji hana harufu kwenye brashi. Ana rangi tu. Nyekundu iliyozidi, chungwa linalowaka, jani lililopigwa mara moja kwa rangi nene na kuachwa hivyo hivyo: ndiyo njia yake ya kufanya ukuta mkavu umfikie mtu kama asumini inavyomfikia anayepita uchochoroni usiku.

Hayo hayakulazimishi kuipenda picha. Katika sisi watatu tuliokaa kuijadili, mmoja mpaka leo anasema chombo kile kimechorwa vibaya na hakuna maelezo yatakayokinyoosha.

Aliyekuja Unguja na brashi

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Ulaya, yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa.

Vijana wale wa Dresden walijifunza sehemu ya ujasiri wao kwenye jumba la makumbusho la mji wao, walikokuwa wakitazama vinyago na mbao za kuchonga zilizotoka Afrika na visiwa vya Pasifiki. Ilikuwa enzi ya makoloni. Bagamoyo yetu ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, na kutoka kwenye makoloni vitu vilisafiri kwenda Ulaya kwa masanduku. Kwa hiyo mtindo unaoitwa wa Kijerumani ulikunywa maji kwenye visima vya watu wengine pia.

Halafu mtindo ukarudi huku, mikononi mwa mwanamke aitwaye Irma Stern. Alizaliwa mwaka 1894 Schweizer-Reneke, Afrika Kusini, kwa wazazi Wayahudi wenye asili ya Ujerumani. Alisomea uchoraji Ujerumani, na huko Berlin akawa karibu na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji wa kikundi cha Daraja. Aliporudi Cape Town mwaka 1920 alikuwa na rangi ambazo mji ule haukuzizoea. Maonyesho yake ya mwaka 1922 yalizua malalamiko mpaka polisi wakaja kuangalia kama picha zinavunja maadili. Waliomcheka walisema maneno karibu yale yale ya msikilizaji wetu wa Kiwangwa.

Irma Stern alichora maua maisha yake yote. Gladioli, dahlia, magnolia, yamejazwa kwenye chombo mpaka yanataka kutoka nje ya picha, pembeni matunda, na rangi imewekwa kwa mikupuo minene inayoonekana hata kwenye simu ndogo. Alijulikana kwa kuchora haraka. Nyumba yake ya Rosebank, Cape Town, ambayo baada ya kifo chake mwaka 1966 ilifanywa makumbusho, ilijaa vyombo vya kila aina alivyokusanya safarini, na baadhi vikaingia kwenye picha zake za maua.

Tulipofika hapo tulikumbuka Kaole, ambako si mbali na Mlingotini. Wenye makaburi yale ya zamani walipachika mabakuli ya Kichina kwenye nguzo za makaburi, miaka mingi kabla Mzungu hajafika na brashi. Watu wa pwani hii wanajua thamani ya chombo kizuri. Walikiweka pale walipotaka kionekane na kila apitaye.

Stern alifika Unguja mwaka 1939 na tena mwaka 1945, na mwaka 1948 akachapisha kitabu kuhusu safari hizo. Alichora wazee wenye vilemba, wanawake, wachuuzi. Tunaomba tuseme kidogo kuhusu majina ya picha hizo. Nyingi zinaitwa tu "Mwarabu aliyevaa nyeusi", "Waarabu wawili", "Kasisi wa Kiarabu", wakati Uislamu hauna kasisi. Watu hao walikuwa na majina, na baba zao walijulikana mitaani. Majina hayakwenda na picha. Mwaka 2011 huyo anayeitwa kasisi aliuzwa London kwa zaidi ya pauni milioni 3, na mwaka huo huo "Waarabu wawili" wakauzwa Afrika Kusini kwa zaidi ya randi milioni 21.

Yule aliyevaa nyeusi ana kisa chake. Miaka ya mwisho ya 1950, Nelson Mandela na wenzake waliposhitakiwa kwa uhaini, picha hiyo ilitolewa iuzwe ili kuchangia gharama za kuwatetea. Baadaye ikahamia London na wenyewe. Mwaka 2015 mthamini alikwenda kwenye nyumba moja akaikuta jikoni, imefanywa ubao wa kubandikia barua na bili. Iliuzwa kwa zaidi ya pauni 840,000. Tulipomsomea mama wa Mlingotini kisa hiki kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na huyo aliyebandika bili naye alikatwa mshahara?"

Fremu iliyokuwa mlango

Kuna jambo moja kwenye picha za Stern za Unguja ambalo kila mwenye nyumba ya zamani Bagamoyo, Kaole, Mlingotini, Winde au Saadani angefaa kulijua. Fremu zake. Hakununua fremu za dukani. Alitengenezewa fremu kwa vipande vya mbao za nakshi, zile za miimo ya milango na madirisha ya Unguja. Leo wauzaji wa sanaa hawasahau kuitaja fremu hiyo kwenye tangazo, kwa sababu inapandisha bei.

Maana yake ni kwamba kilichokuwa mwimo wa mlango wa mtu, ambapo bibi alikaa jioni akisuka ukili, sasa kinashikilia picha kwenye ukuta wa tajiri. Hatusemi aliiba. Mbao ziliuzwa, kama zinavyouzwa hadi leo. Wanunuzi wa milango na mbao za nakshi bado wanapita vijijini, wakimkuta mwenye nyumba ana shida ya ada ya shule humpa fedha ya kununua bati na mlango mpya wa chuma, naye huona amepata.

Tanzania Bara tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979. Sheria hiyo inataja kwa jina milango na miimo ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Kuvitoa nje ya nchi kunahitaji kibali. Basi akija mtu na lori akataka mlango wa babu yako, usimkimbilie. Kapige simu au tembelea kwanza ofisi ya Mambo ya Kale, waje wauone na wakwambie una nini. Hata kipande kilichobaki uani kinachozuia kuku kisitoke bandani mwao kinaweza kuwa hicho.

Turudi kwenye doa

Tulimwonyesha mwalimu mmoja wa uchoraji mjini Bagamoyo ile picha ya kwenye simu. Mji una bahati hiyo: chuo cha sanaa kipo tangu mwaka 1981, siku hizi kikiitwa TaSUBa, na wanaojua kazi hizi hawako mbali. Alituambia kwanza kwamba kwa simu hawezi kuapa. Kisha akatupa mambo ya kuangalia, nasi tukampelekea mama.

Tazama picha kwa ubavu, mwanga wa dirisha ukipita pembeni. Kama rangi ina matuta na mabonde ya brashi, imechorwa kwa mkono. Kama ni laini tupu na ukikaribia sana unaona vidoto vidogo, ni ya kuchapishwa kwa mashine, na bei ya laki nane ianze kuulizwa maswali. Tazama nyuma: kitambaa kina alama ya maji? Tazama doa lenyewe: je, rangi iliyo chini bado inaonekana kupitia ule weupe, au kuna mahali imetoka kabisa na kitambaa kinaonekana? Usikwangue. Usipake mafuta ya kula, wala viazi, wala mkate, wala dawa yoyote uliyoiona TikTok. Vumbi la picha ya rangi ya mafuta huondolewa kwa brashi laini iliyo kavu, polepole, na kama rangi inachomoka hata hiyo usitumie.

Majibu yalikuja jioni. Matuta yapo. Nyuma ni kavu. Chini ya ule weupe chungwa la ua la mwisho linaonekana bado. Mwalimu akasema hiyo ni vanishi iliyopauka, na kazi ya kuirekebisha ni ya fundi anayejua, lakini si kifo cha picha. Akaongeza, bila kuulizwa, kwamba picha ile imetundikwa mahali pabaya, maana kwenye ile picha ya simu aliona mlango wa bafu pembeni. Mvuke wa maji ya moto kila asubuhi ungeipausha hata bila kitambaa cha mtu.

Sasa sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyotaka. Kwa deni la kitu kilichoharibika, lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi, na hata akikubali kuna masharti. Uharibifu uwe umetokea akiwa kazini na kwa kosa lake. Mwajiri ampe maandishi yanayoeleza chanzo, kiasi na jinsi kilivyopigiwa hesabu. Apewe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi, yaani kama picha inarekebishika, hasara ni gharama ya kurekebisha na si bei ya picha nzima. Na makato yote yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Robo ya 180,000 ni 45,000. Elfu sitini ilikuwa nje ya sheria tangu siku ya kwanza ilipotamkwa. Mfanyakazi aliyekatwa kinyume na hapo anaweza kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndani ya siku 60.

Kuhusu kosa lenyewe, tunajiuliza pia. Mtu aliyepewa ndoo, sabuni na kitambaa, asiambiwe kwamba kitu kimoja kati ya vyote vilivyomo chumbani hakiguswi na maji, kosa lake ni lipi hasa? Hilo lingekuwa la wasuluhishi kuamua.

Halikufika huko. Mama alikwenda kwa msimamizi na karatasi aliyoandikiwa na binti yake wa kidato cha nne, ikiwa na mambo matatu: doa ni la vanishi, tunaomba hesabu ya fundi kwa maandishi, na kifungu cha 28. Msimamizi aliisoma mara mbili. Akasema atamuuliza mwenye nyumba.

Mwisho wa mwezi tulipata ujumbe wa sauti, nyuma yake ukisikika upepo wa pwani na watu wakiitana majini. "Wanangu, nimepokea yote. Picha wameihamishia mapokezi, fundi atakuja kutoka Dar. Nimeitazama tena leo kabla sijatoka. Bado naona meza imepinda. Lakini yale maua nimeyajua, ni ya mkrismasi ule uliopo njia ya kwenda bandarini, yakidondoka yanakuwa hivyo hivyo."